Miwani ya sokoni si ya kila jicho

Wapendwa, tukisimama jioni kando ya ziwa hapa Uvira, taa za Bujumbura zinaonekana ng'ambo. Mwenye kuona karibu tu huziona kama ukungu wa mwanga, ingawa Biblia iliyo mkononi anaisoma vizuri. Mara nyingi jicho lake ni refu kupita kiasi, hata picha inatua kabla ya kufika ukuta wa nyuma wa jicho. Lenzi nyembamba katikati, yenye alama ya kutoa (−), huisogeza hadi mahali pake.

Kwa sisi tuliopita miaka 40 ni kinyume. Taa tunaziona, lakini kuchambua mchele au kusoma Zaburi ni mpaka tunyooshe mkono. Lenzi ya ndani ya jicho imekuwa ngumu, haijitunishi tena kwa vitu vya karibu. Huo ni umri, si kurogwa. Tunahitaji lenzi nene katikati, yenye alama ya kujumlisha (+).

Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni ni hiyo ya kujumlisha. Itamsaidia mzee wa kanisa. Mtoto asiyeona mbali itamzidishia ukungu. Basi anayekodolea ubao macho tusimwite mjinga, wala tusimtoe masomoni kabla hajapimwa. Tutoboe karatasi kwa sindano, atazame ubao kwa jicho moja kupitia tundu hilo. Ukionekana vizuri zaidi, yaelekea miwani itamfaa. Lakini jicho likiuma, likiwa jekundu, au mboni ikiwa nyeupe, tusingoje ibada ya Jumapili. Tumwombee tukiwa njiani kwenda hospitali.