Njia ya Baiskeli Izunguke Kilima kama Mfereji

Ukikaa kando ya barabara hapa Wasso utayaona magari ya watalii. Yanatoka Ziwa Natron, yanapanda ukuta wa Bonde la Ufa, yanapita hapa kwetu, yanakwenda lango la Klein's kuingia Serengeti. Wengi wao hawashuki. Mtalii ananunua maji, dereva anajaza mafuta, basi, wamekwenda. Pesa yao wataiacha huko mbele.

Lakini kuna mtalii wa namna nyingine. Huyu anasafiri kwa baiskeli, mabegi ameyafunga kwenye keria. Hana haraka. Kwenye njia ya vumbi na milima anaweza kwenda kilomita 40 kwa siku, na jioni lazima ale, aoge, alale, na pengine azibe pancha. Mtu wa namna hii hawezi kupita kijijini bila kuacha kitu. Kinachomtisha ni magari. Kipande cha barabara cha kilomita 49, kutoka Wasso hadi njia panda ya Sale, sasa kina lami. Sisi tumefurahi, maana vumbi limepungua na mgonjwa anafika hospitali upesi. Lakini gari likipata lami linakimbia, na mwenye baiskeli anabanwa pembeni.

Sasa tuseme kijiji kinataka kumpa njia yake ya kupita vilimani na msituni, kwenye mitarakwa na mizeituni mwitu, mahali gari halifiki. Je, inawezekana? Wengi watacheka. Watasema, nani atapanda vilima hivi kwa baiskeli?

Huko Ulaya iko njia moja iitwayo Vennbahn. Inaanzia mji wa Aachen nchini Ujerumani, inapita Ubelgiji, inaishia Troisvierges nchini Luxembourg. Urefu wake ni kilomita 125, na nchi yenyewe ni ya vilima na misitu. Hata hivyo wazee na watoto wanapita kwa baiskeli, hawahemi. Sababu ni kwamba zamani ilikuwa reli. Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1880, na kama ujuavyo, garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo mafundi waliizungusha vilimani polepole. Kwa sehemu kubwa, ukienda mita 100 unapanda mita 2 tu, au chini ya hapo. Garimoshi lilipoacha kupita, waliondoa vyuma, wakatengeneza njia ya baiskeli. (Reli hiyo waliipata Wabelgiji kutokana na mkataba wa mwaka 1919, mkataba uleule uliowanyang'anya Wajerumani Tanganyika.)

Sisi hapa hatuna reli ya zamani. Lakini maarifa ya kuzunguka kilima tunayo, tena yako jirani. Teremka uende kwa Wabatemi, ambao wengi tumezoea kuwaita Wasonjo. Mifereji yao ya kumwagilia ni ya karne nyingi, na ina wazee wake wa kuisimamia, wanaoitwa wenamiji. Uutazame mfereji. Hauanguki moja kwa moja toka juu kwenda chini. Unafuata ubavu wa kilima, unashuka kidogo kidogo, unaingia kila kona. Njia ya baiskeli nayo ipite hivyohivyo.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme unataka kupanda mita 200 kutoka bondeni hadi mgongoni mwa kilima. Njia ya mbuzi inakwenda wima, na mwenye baiskeli itambidi ashuke asukume. Ukiifanya njia ipande mita 10 kwa kila mita 100, itakuwa na urefu wa kilomita 2. Kijana ataimudu, ila atalia. Ukiifanya ipande mita 5 kwa kila mita 100, itakuwa kilomita 4, na mtu mwenye mizigo atapanda huku anazungumza. Njia inakuwa ndefu, lakini mtalii wa baiskeli hakuja kutafuta njia ya mkato.

Kupima hakuhitaji mashine. Kipo kifaa cha mabwana shamba kiitwacho fremu A, kile wanachopimia makinga maji. Chukua miti miwili iliyonyooka. Iunge juu kama herufi A, na miguu yake iachane mita 2. Kaza kijiti katikati kilichovuka kutoka mguu huu hadi ule. Toka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa kijiti. Igeuze, mguu wa kulia ukanyage pale pale ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa funga kipande cha mti cha sentimita 10 chini ya mguu mmoja. Mguu huo ndio utakaobaki nyuma wakati wewe unapanda. Kamba ikisimama katikati, ujue umepanda sentimita 10 katika mita 2, yaani mita 5 katika mita 100. Piga mambo ardhini, sogea, pima tena.

Kupima ni kazi rahisi. Adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji, na hapa ndipo njia nyingi zinapokufa. Mvua ikinyesha, maji hutafuta mahali pepesi pa kupita, na njia yako ndiyo pepesi kuliko zote. Yakiingia humo hayatoki. Msimu mmoja unaona mfereji mdogo, msimu wa pili ni korongo. Mtazame mwenye baiskeli akifika kwenye korongo: atalikwepa, atapita kwenye majani pembeni, na watu watafungua njia ya pili, kisha ya tatu. Hivyo ndivyo mlima unavyochanika.

Watengeneza njia wana kanuni wanayoiita kanuni ya nusu. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima. Ikiwa ubavu unapanda mita 16 kwa kila mita 100, njia isizidi mita 8. Ukizidisha, maji yatafuata njia badala ya kuivuka. Tena, unapochimba, uso wa njia uelekee bondeni kidogo, kama sahani iliyoinama, ili maji yavuke na kuondoka. Na kila baada ya mita kama 30 au 40 ifanye njia ishuke hatua chache kisha ipande tena. Katika kishimo hicho maji yatatoka yenyewe. Njia ikiwa na upana wa mita moja na nusu inatosha. Sururu, jembe na panga ndivyo vifaa.

Haya, njia imekwisha. Wa kwanza kuifurahia atakuwa nani? Bodaboda! Atasema ni mkato mzuri wa kupeleka mkaa au abiria. Hapo njia isiyo na magari imekwisha maana. Dawa moja ni kulaza gogo lenye kimo cha goti kwenye mlango wa njia. Baiskeli mtu anaibeba akavuka, pikipiki haibebeki. Lakini msilaze gogo palipo na njia ya kuteka maji, maana punda aliyebeba madumu atateseka. Hapo itabidi sheria ndogo ya kijiji, na mgambo.

Jirani zetu wa Nairobi wanao msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji lenyewe. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kupinga msitu huo usigawiwe watu wa kujenga majumba. Leo watu wanaingia kwa kiingilio, wanakodi baiskeli, wanazunguka chini ya miti. Na kwetu Tanzania, Mto wa Mbu waliingia katika utalii wa utamaduni miaka ya 1990, kwa msaada wa Bodi ya Utalii na shirika la Waholanzi, SNV. Vijana wanawaongoza wageni kwa baiskeli kwenye migomba na mpunga. Mama anapika, fundi anakodisha baiskeli, na kijiji nacho kinapata fungu lake.

Katika wilaya yetu neno utalii linawashtua watu, na sababu ipo. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa mipaka na kutengwa kwa ajili ya wanyamapori, na wafugaji wakazuiwa kulisha humo. Kwa hiyo mzee akiuliza, "Hii njia ni mlango wa kutufukuza?" asidharauliwe. Ajibiwe kwa hesabu. Njia ya upana wa mita moja na nusu na urefu wa kilomita 20 inachukua hekta 3 tu, na ng'ombe anaivuka kama kawaida. Lakini jibu la mdomo halitoshi. Mkutano mkuu wa kijiji ukae. Muhtasari uandikwe kwamba ardhi inabaki ya kijiji, kwamba malisho na maji havifungwi, na kwamba fedha itasomwa hadharani. Hayo yaandikwe kabla ya kupokea shilingi ya mfadhili yeyote. Mfadhili akitaka msitu ufungwe kwanza ndipo asaidie njia, maoni yangu ni aagwe kwa heshima. Na kama msitu si wa kijiji, au eneo lina masharti ya wanyamapori, ofisi za wilaya ziulizwe kabla ya kupiga mambo ya kwanza.

Wanyama nao wapo. Baiskeli haina kelele, na nyati aliyeshtuliwa karibu hana msamaha. Wageni wasipite alfajiri wala magharibi, kengele ilie kwenye kona, na kiongozi awe mtu aliyechunga humo tangu utoto.

Kama kijiji chenu kina nia, msianze na sururu. Subirini mvua. Siku inaponyesha, watu wawili wajifunike, watembee ubavuni mwa kilima waone maji yanapita wapi. Waweke alama kwenye miti. Jua likirudi, chukueni fremu A.