SOKO LA VIWANJA: Hati ya mkoloni haina milele

Ukitaka kiwanja au shamba Musoma, Bunda au Butiama, ukaonyeshwa hati ya enzi ya Mjerumani au Mwingereza na kuambiwa ni "milki ya milele", usilipe kwanza.

Milki ya aina hiyo ilifutwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1963, ikageuzwa kuwa pango la serikali la miaka 99. Sheria ya 1969 ikaligeuza pango hilo kuwa hakimiliki yenye masharti. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwisha kupinga milki za kudumu katika kijitabu chake "Mali ya Taifa" cha 1958.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo mnunuzi analipia maendelezo na miaka iliyobaki. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inakwisha 2028. Bei yake isilingane na ya miaka 99.

Kabla ya kutoa fedha, pekua daftari la Msajili wa Hati. Karatasi ya zamani ikusaidie kutafuta jalada tu. Dai pia stakabadhi za kodi ya ardhi, maana hati inaweza kufutwa kwa kukiuka masharti.

Shamba likiwa ardhi ya kijiji, mashahidi wa muuzaji hawatoshi: lazima pawe na idhini ya halmashauri ya kijiji.