Mvinyo wa Afrika: Zabibu Gani, Kutoka Wapi

Mlaji anayesimama mbele ya rafu ya vinywaji katika duka la Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hukuta chupa nyingi zenye picha ya kichala cha zabibu. Baadhi zimetoka Dodoma, nyingi zimetoka Afrika Kusini, na nyingine zimevuka bahari kutoka Ulaya. Bei zake hupishana mara tatu au nne, ilhali picha ni ileile. Katika sura hii tunamweleza mlaji namna ya kujua anachonunua kabla hajatoa fedha yake. Tunaanza na zabibu yenyewe na ardhi inayoizaa, kwa kuwa anayezijua hizo mbili si rahisi kuhadaiwa na picha.

Mvinyo ni nini

Kamusi za zamani zilitumia neno mvinyo kwa pombe kali, na makanisani kinywaji cha zabibu kingali kikiitwa divai. Hapa kwetu mvinyo una maana moja tu: kinywaji kilichopatikana kwa kuchachusha juisi ya zabibu. Chachu hula sukari iliyomo katika juisi na kuigeuza kuwa kileo. Sukari ikiliwa karibu yote, mvinyo huwa mkavu. Mchachuko ukisimamishwa mapema, au juisi tamu ikiongezwa baadaye, mvinyo hubaki mtamu. Kileo chake aghalabu huwa kati ya asilimia 11 na 15. Wekundu hautoki katika maji ya zabibu bali katika maganda, na pamoja nao hutoka tanini, ule ukakasi unaokausha kinywa. Ndiyo maana zabibu nyingi nyekundu, zikitenganishwa mapema na maganda yake, zaweza kutoa mvinyo mweupe au wa waridi.

Mvinyo una majirani wawili wa kutofautishwa nao. Jirani wa kwanza ni kinywaji kilichochachushwa kutokana na tunda jingine au mmea mwingine, kama vile ndizi, nanasi au rozela. Hicho hakina kosa maadamu kimejitaja kwa jina lake. Jirani wa pili ni maji yaliyotiwa sukari, spiriti, rangi na ladha ya zabibu. Nacho chaweza kuuzwa kihalali kikikidhi viwango na kuandikwa waziwazi, lakini si mvinyo, na hakistahili bei ya mvinyo. Uso wa chupa hautamsaidia mlaji kukitambua, kwani hapo ndipo kichala kilipochorwa. Aigeuze chupa, asome orodha ya viambato nyuma. Maji na sukari vikitangulia, na zabibu ikatajwa kwa neno "ladha" tu, jibu limepatikana.

Kuandika asili ya mvinyo si desturi iliyoletwa na maduka ya kisasa. Kaburi la Farao Tutankhamun, aliyefariki yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo, lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa na mitungi ya mvinyo iliyoandikwa mwaka wa utawala, shamba lilikotoka na jina la mkuu wa wakamuaji. Mlaji wa leo anastahili kuelezwa angalau kiasi hicho.

Dodoma: mzabibu usiolala

Mzabibu ni mmea uliozoea majira manne. Kwenye baridi hupukutisha majani, hulala kwa miezi kadhaa, kisha huchipua. Ndiyo maana mashamba mengi ya dunia yamo kati ya latitudo 30 na 50, kaskazini na kusini mwa Ikweta. Dodoma iko karibu na latitudo 6 kusini, juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100. Huko hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake: akishapogoa, mmea huanza upya kuchipua, kutoa maua na kuzaa, na baada ya miezi minne au mitano mavuno huwa tayari. Hivyo shamba moja huvunwa mara mbili kwa mwaka, aghalabu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili hayafanani. Yale ya mwanzo wa mwaka hukutana na mvua. Zabibu hufyonza maji, sukari yake hupungua nguvu, na ubwiri hushambulia majani na vichala. Yale ya kiangazi huiva katika ukavu, penye jua la mchana na ubaridi wa usiku, nayo hutoa juisi nzito na tamu zaidi. Kwa mlaji maana yake ni hii: mwaka ulioandikwa juu ya chupa ya Dodoma haumwambii ni mavuno yapi aliyoyashika mkononi. Hakuna ubaya kumwuliza muuzaji. Nasi tunaona kwamba mzalishaji anayejivunia zabibu zake za kiangazi angefanya vyema kuandika hivyo.

Kilimo hiki kililetwa na wamisionari wa Kikatoliki waliopanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa. Leo mashamba yameenea hadi Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Jina la mahali hapo ndilo lililopewa zabibu nyekundu iliyo maarufu kuliko zote mkoani. Zabibu ya Makutupora hutoa mvinyo wa rangi nzito wenye ukakasi na uchachu, na viwanda vingi huupunguza makali kwa kuuacha mtamu. Aliyezoea ule mtamu akijaribu mkavu wa zabibu hiyohiyo hushtuka kidogo. Basi aunywe pamoja na nyama choma, ambapo ukakasi hupata kazi ya kufanya. Kwa mvinyo mweupe hutumika zaidi Chenin Blanc, na wapo waliopanda pia Syrah.

Zabibu haisubiri soko. Ikishakatwa huharibika katika siku chache, na mkulima aliyekosa mnunuzi msimu wa mavuno huikamua ili kupata kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, huhifadhiwa kwenye matangi na kuuziwa viwanda. Mchuzi ni malighafi. Mlaji anayeuziwa kinywaji cha namna hiyo ndani ya dumu, mitaani au barazani, ajue kwamba mchachuko wake huenda haujakwisha, kwamba chombo kilichofungwa kikazwa chaweza kupasuka, na kwamba hakuna anayeweza kumwambia kileo chake ni asilimia ngapi. Tunamshauri asinunue.

Rasi: bahari baridi na stika shingoni

Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa wa mvinyo barani. Zabibu za kwanza za Rasi zilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, miaka saba baada ya Jan van Riebeeck kuanzisha hapo kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi Mashariki. Kwa sehemu kubwa mashamba yale yalilimwa na watumwa, wakiwemo watu waliochukuliwa kutoka Madagaska na pwani ya Msumbiji, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1834. Hata baadaye vibarua waliendelea kupewa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, katika utaratibu ulioitwa "dop". Mkoa wa Rasi ya Magharibi bado ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizorekodi viwango vya juu kabisa vya watoto waliozaliwa na madhara ya kileo walichokipata tumboni mwa mama zao. Tunalitaja jambo hili mahsusi kwa mama mjamzito anayeambiwa kwamba glasi moja ya mvinyo mwekundu huongeza damu. Haiongezi damu, na hakuna kiwango cha kileo kinachojulikana kuwa salama kwa mimba.

Kinachoifanya Rasi ifae kwa mizabibu ni mvua za majira ya baridi, kiangazi kikavu, na upepo unaopozwa na bahari, hasa upande wa magharibi uendako mkondo baridi wa Benguela. Kadiri shamba linavyokaribia bahari au kupanda mlimani, zabibu huiva polepole na kubaki na uchachu wake. Kadiri linavyoingia bara, joto huzidi na mvinyo huwa mzito. Stellenbosch inajulikana kwa Cabernet Sauvignon. Constantia na Elgin, zenye ubaridi zaidi, kwa Sauvignon Blanc. Swartland, nchi ya ngano na kiangazi kikali, kwa Syrah na kwa mizabibu mikongwe ya Chenin Blanc. Hiyo Chenin Blanc, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Steen, ndiyo iliyopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote nchini humo. Basi mlaji mwenye udadisi aweza kuweka mezani Chenin Blanc ya Dodoma na ya Swartland, zote kavu, akaonja kazi ya ardhi mbili juu ya zabibu moja. Pinotage nayo ilizaliwa palepale: mwaka 1925 Abraham Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsault huko Stellenbosch, na mche huo mpya ukapata jina lililounganisha ya wazazi wake, kwani wakati ule Cinsault iliitwa Hermitage katika Rasi.

Tangu mwaka 1973 nchi hiyo ina utaratibu wa kuthibitisha asili ya mvinyo, na mlaji wa huku ananufaika nao pasipo gharama. Chupa iliyothibitishwa huwa na stika ndogo yenye namba, aghalabu shingoni. Ikitaja eneo, zabibu zote sharti ziwe zimetoka eneo hilo. Ikitaja aina ya zabibu, angalau asilimia 85 ya mvinyo sharti iwe ya aina hiyo. Na ikitaja mwaka, kiasi hichohicho sharti kiwe cha mavuno ya mwaka huo. Chupa inayotaja "Afrika Kusini" pekee, pasipo eneo, aina wala mwaka, si lazima iwe mbaya; ila haikuahidi kitu, na bei yake isiahidi zaidi ya hapo.

Neno moja linalouza sana katika maduka yetu ni "Natural Sweet". Wengi hulielewa kuwa ni mvinyo wa asili usiotiwa kitu, unaofaa hata kwa mwenye kisukari. Sivyo. Katika kanuni za Afrika Kusini neno hilo hutaja kiasi cha sukari, nacho ni zaidi ya gramu 20 katika kila lita.

Kaskazini na kwingineko

Chini ya utawala wa Ufaransa, Algeria ilikuwa na mashamba makubwa ya Carignan, Cinsault na Alicante Bouschet, na hadi uhuru ulipokaribia ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza mvinyo nje. Lakini sehemu kubwa ya mvinyo huo ilisafirishwa katika mapipa na matangi kwenda kuutia nguvu na rangi mvinyo hafifu wa Ufaransa, ukanywewa kwa majina ya mashamba ya huko. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 soko lile lilifungwa kidogokidogo, na wanywaji hawakuwa na jina la Algeria la kulitafuta dukani. Mizabibu mingi iling'olewa. Mascara, Médéa na Tlemcen bado huzalisha kwa kiasi kidogo. Moroko huzalisha zaidi katika eneo la Meknès, na mvinyo wake wa waridi hafifu una wapenzi wengi. Tunisia ina Muscat yenye harufu ya maua kutoka Kelibia, kwenye rasi ya Bon.

Ethiopia hulima katika Bonde la Ufa karibu na Ziway, Kenya kwa kiasi kidogo karibu na Naivasha, na Madagaska katika nyanda za juu za Fianarantsoa. Huko Cabo Verde watu wa kisiwa cha Fogo hupanda mizabibu ndani ya majivu ya volkano, na waliirudia kazi hiyo baada ya mlipuko wa mwaka 2014 kufukia vijiji vyao. Chupa hizi ni nadra katika maduka yetu. Akizikuta mlaji, kanuni ni zilezile.

Dukani na nyumbani

Joto ndilo adui mkubwa wa mvinyo katika nchi yetu, na maduka mengi hulisahau. Chupa iliyopangwa dirishani penye jua hupikwa ingali imefungwa. Dalili zake ni kizibo kilichosukumwa juu, mvinyo uliovuja chini ya kifuniko, au mvinyo mweupe uliogeuka rangi ya chai. Usinunue chupa ya namna hiyo hata ikiwa imepunguzwa bei. Vipande vidogo kama chembe za chumvi chini ya chupa havina madhara. Ni asidi ya zabibu iliyoganda. Harufu ya siki, au ya boksi lililolowa maji, ni kasoro, na mlaji ana haki ya kuirudisha chupa. Mwenye pumu atazame neno "salfaiti" kwenye lebo, kwani kihifadhi hicho huwasumbua baadhi yao. Chupa ikishafunguliwa ifungwe tena na kuwekwa kwenye jokofu, hata mvinyo ukiwa mwekundu, na imalizwe ndani ya siku tatu au nne.

Kabla ya kulipa, hakikisha chupa ina stempu ya kodi ya kielektroniki isiyobanduliwa na kubandikwa upya, jina na anwani ya mzalishaji au mwagizaji, namba ya toleo, na kiwango cha kileo. Iliyotengenezwa nchini iwe pia na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Ukishuku kuwa kilichomo ni bandia, usikimwage na usiikoshe chupa. Ifunge pamoja na kinywaji kilichobaki, tunza risiti, andika tarehe na mahali uliponunua, kisha upeleke taarifa kwenye ofisi ya Shirika hilo iliyo karibu nawe au Tume ya Ushindani. Namba ya toleo iliyo kwenye chupa hiyo ndiyo itakayowezesha nyingine za kundi lake kutafutwa na kuondolewa madukani.