Muziki wa Kale (6): Siku Nne Mezani kwa Legros

Septemba 2024 maktaba ya mji wa Leipzig, Ujerumani, ilitangaza kuwa imepata muziki wa Mozart usiojulikana, wa nyuzi, wa dakika kama 12 hivi. Magazeti yalishangilia. Mimi nilitazama jambo moja: kilichopatikana si mwandiko wa Mozart, ni kazi ya mnakili. Mnivumilie, maana hapa pameguswa ugonjwa wangu wa miaka mingi: kazi ya Mozart iliyobaki kwa nakala tu.

Aprili 1778 Mozart, kijana wa miaka 22, alikuwa Paris akihangaikia kazi. Akatunga simfonia konsetante ya wapigaji wanne mbele ya okestra: Wendling wa filimbi, Ramm wa obo (ndugu wa zumari letu), Ritter wa basuni na Punto wa pembe. Pembe haimo katika ukoo wa ala za mbao, nilishaeleza, lakini nani atamwacha Punto? Jina lake la kuzaliwa ni Jan Václav Stich, mtwana katika mashamba ya Kauni Thun huko Bohemia. Alipotoroka, husimuliwa kwamba bwana wake alituma askari wakamng'oe meno ya mbele ili asipulize tena. Hawakumpata. Akajibandika jina la Kitaliano, akatamba Ulaya nzima, na mwaka 1800 Beethoven akamtungia sonata. Nikianza na Punto simalizi.

Kazi ile aliinunua Legros, mkuu wa maonyesho ya Concert Spirituel. Alikuwa na siku nne za kuinakilisha, ili kila mpigaji apate karatasi yake. Kila Mozart alipopita aliikuta palepale. Siku moja hakuiona. Alipopekua akaikuta imefukiwa chini ya karatasi nyingine. Onyesho likafa. Mozart alimshuku mtunzi Cambini kwa fitina, lakini tunayo barua ya mlalamikaji tu, na mimi simhukumu mtu kwa ushahidi wa upande mmoja. Uzembe wa Legros unatosha. Na Mozart naye! Alimwandikia baba yake kwamba muziki wote bado umo kichwani, ataandika upya akifika nyumbani. Kichwa si kabati, kijana. Mwandiko ule haujaonekana hadi leo.

Otto Jahn, aliyeandika maisha ya Mozart, alifariki 1869. Katika karatasi zake ikaonekana nakala ya kazi kama hiyo, ila klarineti imekalia kiti cha filimbi, na sehemu zote tatu zina ufunguo mmoja, jambo ambalo si kawaida ya Mozart. Mwaka 1988 mtaalamu wa muziki Robert Levin alitetea kwamba sauti za wapigaji wanne zimetoka kwa Mozart, lakini okestra ni ya mkono mwingine. Nakubaliana naye. Sikiliza mageuzi kumi ya sehemu ya mwisho, jinsi obo na klarineti zinavyopokezana. Hayo hayakutungwa na kibarua.

Wenye nota za bendi na taarabu masandukuni, zinakilisheni wiki hii. Habari ya Leipzig nitairudia toleo lijalo, nafasi ikiruhusu.