Lodwar Tunalipia Logo, Federer Analipwa

Msee wa mitumba pale Lodwar hakuulizi kama unajua tenisi. Anachomoa polo, anaikung'uta vumbi, anakuonyesha kale kaalama kwa kifua: "Orijino hii, morio." Bei inapanda hapo hapo. Kola imechoka, kwapa imegeuka rangi, lakini logo iko fiti. Unalipa, unadunga, unazunguka mtaa na jua ya Turkana ukitangazia kampuni bila kuitisha hata mbao.

Sasa cheki Roger Federer, yule mnoma wa tenisi. 2018 alitoka Nike akaingia Uniqlo, dili ikaripotiwa kuwa ya dola milioni 300 kwa miaka 10. Buda alikuwa ako 36, amebakisha kidogo astaafu! Lakini logo yake, zile herufi RF za jina lake, ilibaki na Nike mpaka 2020. Imagini herufi za jina lako zimeshikwa na mdosi wa zamani.

Huku kwetu kuna Angella Okutoyi. Wimbledon 2022, mashindano ya juniors ya wawili wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walichukua kombe. Kwa fainali walichapa Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada. Mboko, 2025 akabeba taji la Montreal akipiga Naomi Osaka. Angella naye alienda kuchezea chuo cha Auburn, Marekani. Tenisi hukula chapaa kabla ilete chapaa: tiketi za ndege, keja za kulala, kocha, nyuzi za raketi. Logo nayo huja ukishaonekana kwa TV.

Kukimbia ni rahisi kiasi. Mkimbiaji Lopez Lomong alikuwa refugee kambi ya Kakuma, hapa Turkana, 2000, akatoa kobole aone Olimpiki ya Sydney kwa TV ya nyeusi na nyeupe. Vile Michael Johnson alikimbia ilimbamba kabisa. 2008 Lopez mwenyewe alibebea Marekani bendera Beijing, na Nike ikamvalisha. Barabara ya kukimbilia alikuwa nayo hapo hapo kambini. Raketi je?

Kwa hivyo kampuni ikitaka kukam Turkana, isilete tishati, hizo tuko nazo kibao. Leta mipira, lipa kocha mwaka mzima, katia mtoi mmoja tiketi za mashindano Nairobi. Halafu logo weka saizi yoyote unataka.