Dini ya Kikristo na Tohara: Lipi Libaki, Lipi Liachwe?

Tangu misheni za kwanza zilipofika Afrika ya Mashariki, watu wameuliza swali moja: mtu akiisha kubatizwa, desturi za baba zake azifanyeje? Wako wasemao kwamba sharti aziache zote. Wako wengine wasemao kwamba hana haja ya kuacha hata moja. Majibu hayo ni mepesi kutamka, lakini yote mawili yameleta taabu. Ili tufahamu sababu yake, na tuchukue desturi moja tu, yaani ile ya kumtoa mtoto utotoni na kumwingiza katika utu uzima.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba ndani ya desturi hiyo mna mambo mengi. Mna tohara yenyewe, mna mafunzo ya adabu na ya ndoa, mna nyimbo, mna matambiko, mna karamu ya ukoo. Kwa Wakikuyu, tohara ndiyo iliyompa mtu rika lake, na rika ndilo lililompa nafasi yake kati ya watu. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Acha tohara," huenda akasikia kwamba anaambiwa asiwe mtu mzima kamwe.

Sasa tutazame Masasi, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika. Misheni ya Kiingereza iitwayo UMCA ilianza kazi huko mwaka 1876, katika nchi ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Kijana asiyepita jando hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Padre Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulifuta jando. Alilipambanua. Kukaa porini, utii kwa wazee, mafunzo mema na sherehe ya kurudi nyumbani, hayo yote yalibaki. Mahali pa matambiko pakawekwa sala, na mafunzo yasiyopatana na Injili yakaondolewa. Wala kazi hiyo hakuifanya peke yake. Mapadre Waafrika walishiriki, nao waliyajua mambo ya jando kwa undani kuliko Mzungu yeyote.

Huku Kenya mambo yalikwenda vingine. Ugomvi wa Ukikuyu ulihusu tohara ya wasichana, ambayo siku hizi huitwa ukeketaji, na ukeketaji si sawa na tohara ya wavulana. Huleta kutokwa na damu nyingi, huleta maradhi, na huweza kumtaabisha mwanamke wakati wa kujifungua. Madaktari wa misheni waliyaona hayo kwa macho yao, na katika jambo hilo walisema kweli. Lakini mwaka 1929 misheni kadha, pamoja na ile ya Kanisa la Scotland, ziliwataka Wakristo wao waikane desturi hiyo kwa sahihi au kwa alama ya kidole gumba. Waliokubali wakapewa jina la "kirore", maana yake alama ya kidole. Wengi mno walikataa, wakatoka makanisani na kuwaondoa watoto wao shuleni. Wimbo wa Muthirigu ulioimbwa kuwadhihaki wamisheni ulienea kote, hata Serikali ikaupiga marufuku.

Hata hivyo waliotoka hawakuitupa Biblia. Walijenga shule na makanisa yao wenyewe, na mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander alikuja kutoka Afrika ya Kusini kuwafundisha makasisi wao. Basi ni dhahiri kwamba dini waliitaka. Walichokataa ni kuamuliwa na wageni jambo la nyumbani mwao, tena wakati ambapo ardhi yao ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Isitoshe, msichana aliyekatazwa kisu hakuonyeshwa njia nyingine ya kuhesabiwa mtu mzima.

Mtu aweza kusema kwamba kosa lilikuwa la wageni tu. Lakini mwaka 1956 huko Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambao ni wenyeji, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wakatahiriana wao kwa wao kwa nyembe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Hata kufika mwaka 1959 watu zaidi ya 2,000 walikuwa wameshtakiwa. Wazee wanaume walikuwa wamekata shauri juu ya desturi iliyokuwa mikononi mwa akina mama na nyanya.

Miaka 40 baadaye, katika nchi jirani ya Tharaka, akina mama wenyewe wakaanza njia nyingine. Mwaka 1996, kwa msaada wa chama cha Maendeleo ya Wanawake, wasichana walitengwa kwa siku kadha, wakafundishwa adabu na mambo ya mwili wao, kisha wakatolewa kwa ngoma na zawadi, pasipo kisu. Jambo hilo likaitwa Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno. Tangu wakati huo makanisa mengine pia yameandaa mafunzo ya namna hiyo. Tangu mwaka 2011 Kenya ina sheria maalum inayokataza ukeketaji, lakini sheria peke yake haimpi msichana mafunzo aliyokuwa akiyapata kwa nyanya yake.

Basi kila kanisa na kila ukoo wenye shauri kama hili na ujiulize mambo matatu. Je, desturi hii yaumiza mwili wa mtu? Je, yapingana na imani? Na jema lililomo ndani yake litachukuliwa na nani, likifundishwa wapi? Swali la tatu ndilo lililosahauliwa mara nyingi. Wala lisijibiwe na mapadre na wazee peke yao, ilhali mama na binti hawajaulizwa.