Jumuiya ndogo zinavyokomaza imani Kibera, Kawangware

Si ajabu kwa mkazi wa Kawangware kushiriki ibada katika kanisa moja Jumapili hii na katika jingine Jumapili ijayo. Makanisa ni tele. Katika vijia vya Gatina, au vya Laini Saba mtaani Kibera, vipaza sauti hushindana, na aliyekwazwa na mhubiri mmoja hahitaji kwenda mbali kumpata mwingine. Hata hivyo, muumini wa aina hiyo ni vigumu kukomaa kiroho, kwa kuwa hakuna anayemjua. Hakuna wa kumuuliza kwa nini hasemezani na jirani yake, wala wa kugundua kwamba amelala kitandani siku ya tatu akiugua.

Tatizo hili ndilo lililowashughulisha maaskofu wa Kanisa Katoliki, chini ya muungano wao wa AMECEA, walipokutana jijini Nairobi mwaka wa 1973. Waliafikiana kwamba maisha ya kanisa katika Afrika Mashariki yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na katika mkutano mwingine wa Nairobi mwaka wa 1976 wakaufanya mpango huo kuwa nguzo ya kazi yao ya uchungaji. Parokia yenye maelfu ya waumini haiwezi kuwa familia. Majirani wa ploti chache wanaweza.

Si Wakatoliki pekee walioliona hilo. Kanisa la PCEA huwagawa washirika wake katika wilaya ndogo, kila moja ikiwa chini ya mzee wa kanisa, nayo makanisa mengi ya kipentekoste huwa na vikundi vya nyumbani.

Jumuiya hukutana mara moja kwa wiki, aghalabu nyumbani kwa mwanachama ambaye zamu yake imewadia. Katika mitaa hii, nyumba yenyewe yaweza kuwa chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, hivyo baadhi ya wageni huketi kitandani na wengine kusimama mlangoni. Injili ya Jumapili inayofuata husomwa, kimya kikatanda, kisha kila anayetaka hueleza neno lililomgusa. Utaratibu ulioenea zaidi ni ule wa hatua 7 uliobuniwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya 6 ndiyo nzito: wanajumuiya huamua watakalofanya. Nani atamzuru mgonjwa? Mchango wa kusafirisha maiti hadi mashambani umefika wapi? Je, mjane aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba atalala wapi usiku huo?

Hapo ndipo ahadi hugharimu. Mfanyakazi wa kibarua aliyerejea jioni akiwa hoi hana hamu ya mkutano, sembuse mchango. Wanaume, kwa kweli, huwa wachache mno. Wapo pia wanaoikumbuka jumuiya pale tu wanapohitaji mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, kwa sababu parokia nyingi hudai barua kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya. Kanuni hiyo hujaza daftari la mahudhurio, lakini haijulikani kuwa imewahi kuulainisha moyo wa mtu.

Mtihani mkubwa zaidi umekuwa ukabila. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketezwa na reli inayopitia Kibera ikang'olewa. Kawangware nayo ilikumbwa na mapigano mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais. Katika visa vyote viwili, baadhi ya waliotazamana kwa uhasama walikuwa Wakristo. Jumuiya hufuata mipaka ya ujirani, na baadhi ya vijiji vya Kibera vina wakazi wengi wa kabila moja. Kwa hiyo, mtu aweza kuhudhuria kila wiki kwa miaka mingi bila kuketi kitandani kwa mtu wa kabila jingine. Kasoro hii haitibiwi kwa mahubiri. Jumuiya za vijiji tofauti zinapaswa kutembeleana, hasa kabla ya kampeni kupamba moto.

Halafu kuna suala la makao. Mnamo Julai 2018, nyumba, shule na makanisa ya Kibera yalibomolewa kupisha ujenzi wa barabara. Jumuiya haihitaji jengo, lakini inahitaji majirani, na siku hiyo majirani walitawanyika. Anayehamia mtaa mwingine huanza upya: hujitambulisha kwa mwenyekiti wa huko, huandikwa jina, na hupangiwa zamu ya kuwakaribisha wenzake chumbani mwake.